Bolti za breki zilizoganda kwa kutu: namna ya kuzifungua bila kuzikata

Kubadilisha pedi na diski za breki kwenye gari la zamani si kazi ngumu. Kinachowakwamisha watu hapa Tanga ni kuzifikia hizo pedi na diski zenyewe. Maswali ya wanaoanza ni yale yale kila mara: skrubu ya diski imeliwa kichwa, nifanyeje? Bolti ya breketi haisogei hata nikiikanyagia spana kwa mguu. Nimetoa kila kitu lakini diski imeng'ang'ania, nigonge wapi? Nimeyajibu yote hapa, hatua kwa hatua, kwa mtu mwenye vifaa vya kawaida na uwanja wa nyumbani.

Hewa yetu ina chumvi. Gari linalolala Raskazone au Sahare linavuta chumvi usiku kucha, pikapu ya samaki inachuruzikiwa maji ya barafu yenye chumvi kila safari, na wanaoshusha magari hadi mchangani Pangani wanaongeza yao. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo hujaza ule upenyo mwembamba kati ya meno ya bolti na meno ya tundu mpaka vikabanana. Ndiyo maana bolti iliyoganda inataka vitu vitatu kwa mpangilio huu: muda wa kulowa, mshtuko, halafu nguvu. Wengi huanza na nguvu, na hapo ndipo bolti hukatika.

Zijue bolti zako kwanza

Kwenye gurudumu la mbele la gari dogo la Kijapani utakuta aina tatu. Kuna bolti mbili ndogo za pini za kalipa (ile sehemu inayobana pedi kwenye diski), kichwa kwa kawaida namba 12 au 14. Kuna bolti mbili kubwa zinazoshika breketi ya kalipa, yaani chuma kinachobeba kalipa, mara nyingi namba 17, na hizi ndizo zenye ubishi. Halafu kuna skrubu za kichwa bapa zinazoshika diski kwenye habu, kile kitovu ambacho tairi hufungwa.

Skrubu hizi hazipo kwenye kila gari. Honda nyingi, CR-V ikiwemo, zina mbili kila diski. Toyota nyingi hazina kabisa. Badala yake utaona matundu mawili yenye meno kwenye uso wa diski. Matundu hayo yana kazi yake, tutayafikia.

Kama unamiliki Hilux ya zamani yenye 4WD, ile ya miaka ya 1980 na 1990, simama hapa kidogo. Diski yake imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, na haitoki mpaka habu yenyewe itoke pamoja na beringi zake. Hatua za breketi na kalipa zitakusaidia, ila kutoa diski ni kazi nyingine.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Jeki, stendi mbili imara, na mawe au vigingi vya kuzuia tairi. Usifanye kazi hii kwa jeki peke yake. Utakuwa unavuta kwa nguvu zako zote, na gari lililoshikwa na jeki tupu linaweza kukuangukia.

Boksi spana za pembe sita, hasa 12, 14 na 17, na mkono mrefu wa kuvutia. Pembe sita nasisitiza. Boksi za pembe kumi na mbili ndizo zinazouzwa sana kwenye seti za bei nafuu, na zinashika kwenye kona za kichwa tu. Kichwa kikishapungua kwa kutu, zinateleza na kukiviringisha.

Nyundo ya kilo moja na nyingine ndogo. Brashi ya waya, msasa, tindo, senta panchi, vaisgripu, waya au kamba ya kuning'inizia kalipa.

Bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo nyuma inajizungusha yenyewe. Kama gari lako lina skrubu za diski, hiki ndicho kifaa kimoja kinachostahili kununuliwa kwa ajili ya kazi hii. Ukikosa dukani, azima kwa mafundi wa pikipiki. Wengi wanacho kwa ajili ya skrubu za injini.

Mafuta ya kulegeza kutu. WD-40 inapatikana karibu kila duka la spea na inasaidia, ingawa mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa bolti zilizoganda hupenya vizuri zaidi. Wapo wanaochanganya nusu mafuta ya gia otomatiki na nusu asetoni. Yanapenya kweli, ila tikisa chupa kila unapotumia maana hujitenga, na usiyaweke karibu na moto, rangi wala mpira. Ukiwa huna kitu, mafuta ya taa yakipewa usiku mzima hufanya kazi.

Nunua pia bolti na skrubu mpya mapema, kabla hujafungua zile za zamani. Ukijua mbadala upo mkononi, hutashawishika kurudisha bolti iliyochoka. Bolti ya breketi iwe ya gari lako au yenye daraja lile lile. Tazama namba kichwani, kama 8.8 au 10.9: usishushe daraja. Bolti ya kufungia mageti isikaribie breki.

Kazi yenyewe

1. Jioni ya kabla, geuza usukani ili nyuma ya gurudumu pafikike. Safisha bolti za breketi kwa brashi ya waya mpaka uone chuma pale kichwa kinapokutana na breketi, na pia ncha ya bolti kama inatokea upande wa pili. Nyunyizia mafuta pande zote mbili. Mafuta yaliyopakwa juu ya tabaka la kutu na matope hayafiki kwenye meno. Rudia kabla ya kulala, na asubuhi tena. Angalia yasirukie pedi wala uso wa diski kama utavirudisha. Baada ya hapo gari lisiendeshwe mpaka kazi iishe.

2. Asubuhi, gari likiwa chini kwenye sakafu tambarare, zuia tairi zilizobaki na ulegeze nati za tairi nusu mzunguko. Ndipo uinue, uweke stendi, uitikise gari kwa mkono kuhakikisha imekaa, na utoe tairi. Ilaze tairi hiyo chini ya ubavu wa gari kama kinga ya ziada.

3. Lowesha vumbi la breki kwa maji kabla ya kugusa chochote. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi na brekishuu (zile zinazofanya kazi ya pedi ndani ya dramu) za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki.

4. Toa bolti za pini za kalipa. Pini ikizunguka pamoja na bolti, ishike kwa spana nyembamba ya mdomo. Kalipa ikitoka, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa hozi yake hata dakika moja, maana hozi hupasukia ndani mahali usipopaona.

5. Sasa bolti za breketi. Kabla hujavuta, hakikisha unavuta upande sahihi. Hili ndilo kosa linalokata bolti nyingi kuliko kutu yenyewe. Kichwa cha bolti kinatazama ndani ya gari, nawe umekaa nje unaipapasa kwa nyuma. Kushoto kwako si kushoto kwake. Jifikirie umelala chini ya gari ukikitazama kichwa uso kwa uso: kinyume cha saa ndiyo kufungua. Ukiwa na shaka, ingiza kichwa chini uone kwa macho.

6. Weka boksi, isukume mpaka izame yote kwenye kichwa. Kama kuna kutu imejaa pembeni na boksi inakaa nusu, itoe usafishe tena. Kisha toa boksi na ugonge kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo makavu ya katikati, kama kumi hivi. Gonga pia sikio la chuma ambalo bolti imeingia. Mshtuko ndio unaopasua kutu. Nyunyizia tena mafuta na usubiri robo saa.

7. Rudisha boksi na mkono mrefu. Kwanza *kaza* kidogo sana, kama unataka tu kuisikia. Halafu vuta kufungua, kwa mvuto mmoja mzito unaoongezeka taratibu, ukivuta kuelekea kwako badala ya kusukuma. Bolti iliyokubali hutoa mlio mmoja mkavu, "tak!", na mkono unasogea kidogo. Hapo usishangilie ukaizungusha yote. Nyunyizia mafuta, fungua robo, rudisha nyuma kidogo, fungua tena. Utaona unga mwekundu wa kutu ukitoka na mafuta. Endelea hivyo mpaka mzunguko uwe mwepesi.

8. Jifunze kusikia tofauti hii kwa mkono. Kama mkono unasogea lakini hakuna mlio, na bolti inavutika kwa ulaini ikitaka kurudi ilikotoka ukilegeza, basi haifunguki, inajipinda. Hatua inayofuata ni kukatika. Acha mara moja na uende hatua ya 9.

9. Moto. Huu ni wa breketi tu, kalipa ikiwa imeshatoka, na pini pamoja na mipira yake ikiwa imeondolewa. Tumia tochi ndogo ya gesi. Pasha sikio la chuma linalozunguka bolti, usipashe bolti, kwa sababu tunataka tundu litanuke. Dakika mbili tatu zinatosha. Usifike kwenye wekundu. Karibu hapo kuna beringi yenye grisi, mpira wa boli joint na waya wa ABS, kwa hiyo kinga kwa bati na uweke ndoo ya mchanga karibu. Kikiwa bado na moto, gusisha mshumaa kwenye ukingo wa bolti: nta huyeyuka na kuvutwa ndani ya meno. Acha kipoe chenyewe, usimwagie maji. Kisha rudia hatua ya 7. Mara nyingi moto mara mbili unamaliza ubishi.

Onyo la moto ambalo wengi hawalijui: usiwashe mahali uliponyunyizia dawa ya kusafishia breki, hata kama inaonekana imekauka. Dawa nyingine zina klorini, na zikipata moto hutoa gesi ya sumu kali. Mafuta ya kulegeza kutu nayo huwaka, basi yafute kwanza.

10. Breketi ikitoka, skrubu za diski. Chokoa kutu ndani ya msalaba wa skrubu kwa msumari mpaka ufike chini kabisa. Bisibisi ya stari ikae mpaka mwisho bila kucheza. Magari ya Kijapani yana msalaba uliochongwa tofauti kidogo na stari tulizozizoea, na stari isiyokaa vizuri hujipandisha yenyewe na kuula. Kama una biti ya Kijapani, itumie. La sivyo tafuta inayozama kabisa.

11. Usijaribu kwanza kwa bisibisi ya kawaida "kuona kama itakubali". Ukijaribu hivyo mara mbili, kichwa kimekwisha. Weka bisibisi ya kugonga ikiwa imegeuzwa upande wa kufungua, izungushe kwa mkono mpaka ujisikie umeshika, bonyeza kwa nguvu, na piga nyundo pigo moja la uhakika. Rudia. Skrubu nyingi hukubali ndani ya mapigo matano. Shika wima, ikiinama, inakula kichwa.

12. Toa diski. Kama ina yale matundu mawili yenye meno, chukua bolti mbili za M8 (unene wa mm 8) zenye meno ya 1.25, zipake mafuta, na uziingize. Zinasukuma habu na kuivuta diski nje. Kaza moja nusu mzunguko, hamia nyingine nusu mzunguko, kwa zamu. Ukikaza moja tu, diski hukaa upande na unaweza kuipasua. Zikiwa nzito, gonga uso wa diski kati ya stadi (zile bolti zinazopokea nati za tairi), zungusha, gonga tena, ndipo uendelee kukaza.

13. Kwa gurudumu la nyuma, shusha hendibreki kwanza. Watu wamegonga dramu (bakuli la chuma linalofunika brekishuu za nyuma) mchana kutwa huku hendibreki imeshikilia kwa ndani. Ila kumbuka ukishaishusha gari linategemea vigingi vyako tu.

Kurudisha

Piga brashi ya waya na msasa kwenye uso wa habu mpaka ung'ae. Tabaka dogo la kutu likibaki hapo, diski mpya inakaa upande, na usukani utatetemeka ukikanyaga breki. Pitisha grisi ya shaba nyembamba sana kwenye duara la katikati la habu ili mwakani diski itoke bila vita. Isifike kwenye uso wa diski wala pedi, na nati za tairi zifungwe kavu.

Pini za kalipa zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira, na pini zikishikwa pedi moja inaisha upande.

Skrubu mpya za diski kaza kwa mkono tu, karibu 10 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kazi yake ni kuishikilia diski wakati tairi halipo. Linapofungwa, nati za tairi ndizo zinazobana diski. Bolti za breketi ni kinyume chake: zinabeba nguvu yote ya kusimamisha gari, na kwenye magari madogo mengi hukazwa kati ya 80 na 110 Nm, huku nati za tairi za Toyota nyingi zikiwa 103 Nm. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, na spana ya kipimo unaweza kuiazima.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Pistoni uliyoirudisha nyuma iko mbali na pedi, na kanyagio la kwanza litazama mpaka chini. Afadhali lizame gari likiwa limesimama uwanjani kuliko getini. Halafu jaribu kwa mwendo mdogo kwenye barabara tulivu, na usiende kushuka milima ya Lushoto siku hiyo hiyo kwa pedi ambazo bado hazijakaa. Baada ya kilomita 50 hivi, pitia nati za tairi tena.

Ikikwama

*Skrubu ya diski imeliwa kichwa.* Weka tindo kali ukingoni mwa kichwa, gonga iume kwanza kuelekea katikati, kisha ilaze upande wa kufungua na uendelee kugonga. Ikikataa, toboa. Piga senta panchi katikati, anza na biti ya 3 mm, kisha ingiza biti pana kidogo kuliko shina la skrubu. Kwa skrubu ya M6, biti ya 8 mm inafaa. Toboa kwa kina cha kichwa tu. Kichwa hujitenga na kubaki kwenye biti, na diski inatoka. Shina lililobaki limeshaondolewa mkazo, basi lishike kwa vaisgripu. Mara nyingi linatoka kirahisi kuliko ulivyotegemea. Ukikosa skrubu mpya siku hiyo gari linaweza kutembea bila hizo, kwa sababu niliyoeleza.

*Kichwa cha bolti ya breketi kimeviringika.* Piga kwa nyundo boksi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo mpaka iingie kwa kubana, kisha vuta. Ikishindikana, fundi wa kuchomelea aweke nati juu ya kichwa na kuichomelea. Joto la kuchomelea lenyewe linasaidia kulegeza. Tenganisha waya wa betri kwanza.

*Bolti ya breketi imekatika ndani.* Hapa peleka kazi kwa fundi mwenye mashine. Kutoboa bolti ngumu kwa drili ya mkono huhama upande na kula meno ya tundu. Na yeyote akikushauri kuchomelea breketi moja kwa moja kwenye chuma kinachobeba habu, kataa na uondoe gari lako hapo.

*Diski haina matundu ya M8 na haitoki.* Kama unaitupa, igonge kwa nyundo nzito upande wa nyuma, ukiizungusha kila pigo, bila kugusa stadi. Kama unairudisha, weka ubao katikati. Njia nyingine ni kupitisha bolti ndefu yenye nati kwenye sikio la breketi, ncha yake iguse nyuma ya diski, halafu ukaze nati isukume. Sogeza diski kila baada ya kukaza.

*Dramu imetoka sentimita moja ikagoma.* Brekishuu zimeshika ule ukingo uliochongeka ndani. Usiing'oe kwa tindo. Toa kizibo cha mpira nyuma ya bati, ingiza bisibisi bapa na uzungushe gurudumu la meno la kurekebishia ili brekishuu zirudi ndani. Dramu nyingi za Toyota nazo zina matundu ya M8 kama ya diski.

*Nipo ya kutolea upepo imeganda.* Ni kile kiskrubu kwenye kalipa cha kutolea hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Ni tupu ndani, ndiyo maana hukatika haraka kuliko zote. Tumia boksi ya pembe sita, ingiza kijiti cha biti ya drili kinachotosha ndani ya tundu lake ili isiminyike, igonge kichwani taratibu, ipe mafuta na muda. Usiipashe moto kalipa ikiwa kwenye gari na ina mafuta ya breki. Na kama huna haja ya kutoa upepo siku hiyo, usiiguse mpaka uwe na nyingine mpya mkononi.